Faksi inakatika katikati: je, modemu ya 56K itasaidia?

"Shikamoo mzee. Mimi na mume wangu tuna ofisi ndogo ya kuhudumia wagonjwa majumbani hapa Columbus, Ohio. Hospitali, madaktari na kampuni za bima bado wanataka karatasi zetu kwa faksi. Miezi michache iliyopita kampuni ya simu ilituondoa kwenye laini ya waya wa shaba, ikatuletea kisanduku kinachochomekwa kwenye ruta, na simu na faksi vyote vikahamia huko. Simu inasikika safi kuliko zamani, ila faksi inatutesa. Karatasi mbili tatu zinapita, faili la kurasa ishirini linakatika njiani. Mashine imeandikwa 33.6, lakini ripoti inaonyesha 14400, siku nyingine 9600. Kijana wa duka la kompyuta ananishauri ninunue modemu ya 56K, anasema itatuma karibu mara mbili ya kasi. Kampuni ya simu wanasema nilipie intaneti ya kasi zaidi. Nimfuate nani? Na nikizima ECM, kama nilivyoshauriwa na jirani, kuna ubaya?"

Marahaba, binti yangu. Kwa leo usimfuate yeyote kati ya hao wawili, na usitoe hela. Dalili ulizoandika zinajieleza zenyewe: simu ni safi, faksi fupi inapita, ndefu inakatika. Njia iliyopungukiwa kasi haifanyi hivyo. Hapo mashine inakimbia kuliko njia mpya inavyoweza kuivumilia kwa muda mrefu, na hatua ya kwanza ya kuitibu ni ya bure: ipunguzie mashine kasi. Najua ushauri huo unasikika kama wa kichekesho kwa mtu ambaye tayari anachelewa, kwa hiyo nivumilie nikueleze kinachotokea ndani ya ule waya. Ukishakielewa utaweza kuwauliza kampuni ya simu maswali ambayo hawatayakwepa kwa urahisi.

Nadhani pia kinachokukosesha usingizi si hizo dakika zinazopotea. Ni hofu kwamba orodha ya dawa za mgonjwa imefika nusu na wewe unaamini imefika yote. Hilo nalijibu mbele kidogo, kwenye suala la ECM, ule mfumo wa mashine wa kusahihisha makosa ya njiani, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote uliyouliza.

Tuanze na hiyo modemu ya 56K, yaani kifaa cha kugeuza data kuwa sauti ya simu kwa biti 56,000 kwa sekunde. Kijana hajakudanganya kuhusu namba. Kiwango hicho kipo, kinaitwa V.90, kilipitishwa mwaka 1998, na V.92 ikafuata mwaka 2000. Alipokosea ni kudhani kwamba kasi hiyo ni ya kila modemu kwa kila kazi. Laini ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maneno ya binadamu, kwa hiyo inapitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, basi. Sauti ikifika kwenye kituo cha simu hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 8. Zidisha upate biti 64,000 kwa sekunde. Huo ndio upana wote wa mazungumzo mamoja ya simu. Lakini kila kipimo lazima kisogezwe kwenye ngazi moja kati ya 256, na huko kusogezwa kunaacha mkwaruzo mdogo ndani ya sauti. Sikio halina habari nao. Modemu inausikia vizuri sana, na mkwaruzo huo ndio uliozifungia modemu za kawaida kwenye biti 33,600 kwa sekunde au karibu na hapo. Kiwango cha V.34 kilianza na 28,800 mwaka 1994, kikafikishwa 33,600 mwaka 1996, na wahandisi wengi waliamini ukurasa umefungwa.

Ujanja wa 56K ulikuwa kuondoa upimaji huo upande mmoja. Kampuni ya intaneti ilijiunga na kituo cha simu kwa njia ya kidijitali moja kwa moja, kwa hiyo namba zake zilisafiri salama hadi kituo cha karibu na nyumba ya mteja, zikageuzwa sauti mara moja tu, kwenye kipande cha mwisho cha waya. Ndiyo maana kasi hiyo ilikuwa ya kupokea peke yake. Kutuma kulibaki 33,600, au hadi 48,000 kwa V.92. Huko Marekani hata hiyo 56 haikutimia, kwa sababu kanuni za nguvu ya mawimbi kwenye laini ziliishusha hadi 53.3, na wateja wengi waliishia kwenye arobaini na kitu. Modemu mbili za 56K zikipigiana zenyewe kwa zenyewe, nyumba kwa nyumba, haziwezi kupita 33,600 hata uzibembeleze.

Sasa faksi ni mashine mbili zinazopigiana nyumba kwa nyumba. Hakuna kiwango cha faksi cha 56K kwa laini ya kawaida ya simu, na hakijawahi kuwapo. Ukirudi dukani, mwombe kijana ageuze boksi la hiyo modemu na asome maandishi madogo upande wa faksi. Modemu nyingi za 56K zimeandikwa hapo 14.4, yaani biti 14,400 kwa sekunde. Maana yake ungenunua kifaa kipya ambacho kwa faksi kina kasi ndogo kuliko mashine uliyonayo mezani. Kwa intaneti nayo zama zake zimepita; hata AOL, waliowaingiza Wamarekani wengi mtandaoni kwa modemu, walifunga huduma yao ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025.

Faksi ina ukoo wake. Kundi la kwanza la viwango, la mwaka 1968, lilichukua kama dakika sita kwa ukurasa mmoja. La pili, la 1976, dakika tatu. La tatu, la 1980, ndilo lililoiingiza faksi kila ofisi, kwa sababu liliugeuza ukurasa kuwa biti na kuzibana, hivyo ukurasa ukashuka chini ya dakika moja. Mashine yako bado ni ya Kundi hilo la 3. Ndani yake kuna ngazi za kasi zilizoongezwa kadiri miaka ilivyokwenda: V.27ter kwa 2,400 na 4,800, V.29 kwa 7,200 na 9,600, V.17 ya mwaka 1991 inayofika 14,400, na V.34 yenye 33,600, ambayo watengenezaji huiuza kwa jina la Super G3. Hiyo namba 33.6 uliyoiona kwenye mashine ni ngazi ya juu kabisa. Haimaanishi kila simu itapanda hadi hapo.

Washa spika ya mashine utakapotuma karatasi ijayo, usikilize. Kwanza mashine yako hutoa mlio mfupi wa hezi 1,100, nusu sekunde, kisha kimya sekunde tatu, kisha tena. Inasema, mimi ni faksi, kuna mwenzangu huko? Upande wa pili hujibu kwa mlio mrefu wa hezi 2,100. Baada ya hapo husikia mkoromo wa kutetemeka: ni mashine mbili zinapeana taarifa za uwezo wao, na hilo hufanyika kwa biti 300 kwa sekunde, kiwango cha V.21, cha zamani kuliko hivyo vyote nilivyokutajia. Mashine ya kisasa ikitumia V.17 bado inasalimia kwa mwendo huo wa babu. Kisha unafuata mvumo mkali kama mvua ya mawe juu ya bati. Mashine yako hapo inatuma sifuri tupu kwa sekunde moja na nusu, kwa kasi inayotaka kutumia, na mwenzake anahesabu kama zimefika salama. Zikifika, ukurasa unaanza. Zisipofika, anakataa, na mashine yako inashuka ngazi moja na kujaribu tena: 14,400, 12,000, 9,600, hivyo hivyo hadi chini.

Hapo umepata jibu la ripoti yako. Ukiona 14400, ama mashine ya hospitali haina Super G3, ama kifaa cha kampuni ya simu hapo katikati kimeificha. Ukiona 9600, njia siku hiyo haikuwa nzuri, au mpokeaji ni mashine kuukuu. Wakati wote kasi huamuliwa na aliye dhaifu kuliko wote katika msafara.

Kwa nini basi kasi ndogo ni salama? Modemu haitumi biti moja moja. Hubadilisha sauti mara kadhaa kwa sekunde, na kila badiliko hubeba biti kadhaa. V.29 kwa 9,600 hubadilisha sauti mara 2,400 na kila badiliko lina biti nne, kwa hiyo mpokeaji anatakiwa kutofautisha maumbo 16 ya sauti. V.17 kwa 14,400 hubadilisha mara zile zile 2,400, lakini maumbo ni 128. Nafasi kati ya umbo na umbo imekuwa finyu, na hitilafu ndogo inatosha kumfanya mpokeaji asome moja badala ya jirani yake. V.34 ni finyu zaidi ya hapo. Kwenye shaba safi hilo halikuwa tatizo. Sisi tuliofanya kazi ya ufundi wa simu Dar es Salaam miaka ya tisini tulijua masika yakianza na maji yakaingia kwenye maungio ya kebo, mashine zote za mjini zinashuka ngazi, na hakuna aliyehangaika kwa sababu karatasi zilifika.

Njia yako mpya ina ugonjwa wa aina nyingine. Kile kisanduku hukata sauti vipande vya milisekunde 20, vipande 50 kila sekunde, na kila kipande kinasafiri kivyake kwenye intaneti. Kimoja kikipotea, upande wa pili hubuni sauti ya kuziba pengo. Ukiwa unazungumza na dada yako hutajua. Faksi iliyo kwenye 14,400, katika milisekunde hizo 20, inapoteza biti 288, na iliyo kwenye 33,600 inapoteza 672, na mara nyingi inapoteza na mapigo yenyewe ya kusomea kinachofuata.

Lakini kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi hawalitaji, na kwa maoni yangu ndilo linalokata mafaili yako marefu. Kwenye mtandao wa zamani vituo vyote vya simu vilifuata saa moja. Kwenye intaneti kisanduku chako kina saa yake na kifaa cha upande wa pili kina yake, na hakuna saa mbili za bei rahisi zinazokwenda sawa kabisa. Vipande vya sauti vikifika hukusanywa kwanza kwenye akiba ndogo kabla ya kuchezwa. Ichukulie akiba hiyo kama ndoo chini ya bomba, huku mtu akichota: bomba likileta pungufu kidogo tu ya kile kinachochotwa, kwa muda mrefu hutaona kitu, halafu ghafla ndoo inakuwa tupu. Piga hesabu na saa zinazotofautiana sehemu 50 katika milioni, tofauti ya kawaida kabisa kwa vifaa hivi. Kila sekunde kunapungua vipimo 0.4 kati ya 8,000. Kipande kizima cha milisekunde 20, yaani vipimo 160, kinakosekana baada ya sekunde 400, dakika sita na ushei. Karatasi mbili zimeshamaliza safari zamani. Kurasa ishirini zenye fomu za mistari na saini bado ziko njiani.

Mashauri ya kulipia intaneti ya kasi zaidi sasa unayaona yalivyo. Simu moja isiyobanwa hula chini ya kilobiti 100 kwa sekunde pamoja na vifungashio vyake. Hata kifurushi cha chini kabisa kina nafasi hiyo mara nyingi. Kinachoweza kudhuru ni foleni: kompyuta ya ofisi ikianza kupakia nakala zake kwenye seva saa ile ile unayotuma faksi, vipande vya sauti vinasubiri nyuma ya mizigo mikubwa. Hilo linatibiwa kwenye ruta, kwa kuipa simu kipaumbele na kuhakikisha kisanduku kimechomekwa kwa waya, bila Wi-Fi katikati.

Haya, cha kufanya. Ingia kwenye menyu ya mashine, tafuta Super G3 au V.34, uizime. Kisha weka kasi ya juu ya kutuma iwe 14,400 na ujaribu siku kadhaa. Zikiendelea kukatika, ishushe hadi 9,600. Mipangilio hii mara nyingine imefichwa kwenye menyu ya mafundi, na kwenye mashine nyingine imepewa jina la hali ya ng'ambo, kwa kuwa simu za kimataifa za zamani zilikuwa na shida zinazofanana. Utapoteza muda kiasi gani? Yale matangazo ya sekunde tatu kwa ukurasa hupimwa kwa ukurasa mwepesi wa majaribio kwa 33,600. Ukurasa huo huo kwa 14,400 ni sekunde saba hivi, na kwa 9,600 ni kumi au kumi na moja, bila kuhesabu salamu za katikati. Faili lako la kurasa ishirini litachukua dakika chache zaidi, ila litafika. Wakati bado unajaribu, ligawe mafungu ya kurasa tano tano, kila fungu na ukurasa wake wa mbele wenye jina la mpokeaji na namba ya fungu. Umeshaona kwa nini simu fupi ina bahati.

Tuje kwenye ECM, na hapa nakuomba usome taratibu. Ukurasa wa faksi ni mistari myembamba ya nukta, nukta 1,728 kwa kila mstari, na mistari kama 1,140 kwa A4 kwenye ubora wa kawaida. ECM ikiwa imewashwa, data hukatwa vifurushi vya baiti 256, na mpokeaji hutoa orodha ya vilivyoharibika ili virudiwe. Vikikataa kabisa baada ya kurudiwa mara kadhaa, simu inakufa na wewe unapata ripoti ya kushindwa. ECM ikiwa imezimwa, hakuna kurudia. Mstari ulioharibika unarukwa au unafunikwa kwa nakala ya mstari wa juu yake, na mradi mistari mibovu haijazidi kiasi ambacho mpokeaji anakivumilia, mashine yako inachapisha OK.

Jirani yako hajakosea kwamba kuizima kunasaidia karatasi kupita. Watu wengi wenye simu za intaneti hufanya hivyo, na kwa ankara au menyu ya mgahawa sina neno. Wewe unatuma dozi. Kwenye ubora wa kawaida milimita moja ya ukurasa ina mistari minne pungufu kidogo. Nukta ya desimali kwenye "0.5 mg" ina kimo cha nusu milimita hivi, yaani mistari miwili. Mistari miwili ikirukwa, hospitali inapokea "0 5 mg" kwenye karatasi nyingine iliyo safi kabisa, na ripoti yako inasema imefika. Bora simu inayokufa ukajua. Kwa hiyo acha ECM ikiwa imewashwa, punguza kasi, na orodha za dawa zitume kwa ubora wa juu, ule wenye mistari mara mbili. Tahadhari moja: baadhi ya mashine zina chaguo lililoandikwa VoIP, yaani simu ya intaneti, kwenye menyu, na kwenye baadhi yao chaguo hilo hushusha kasi hadi 9,600 na kuzima ECM kwa mpigo mmoja, bila kukuuliza. Ukilitumia, chapisha karatasi ya mipangilio uhakikishe. Kuzima ECM pia kunakunyima ule ubanaji mzuri kuliko wote wa kurasa, kwa sababu unahitaji data isiyo na kosa hata moja, kwa hiyo kila ukurasa unakuwa mrefu zaidi.

Baada ya mashine, kampuni ya simu. Ukipiga huduma kwa wateja na kusema faksi haifanyi kazi, watakuambia uzime ruta uiwashe. Omba kitengo cha ufundi na useme hivi: laini hii ya faksi itumie G.711 peke yake, na G.729 ifungwe. G.711 ni njia ya kusafirisha sauti bila kuibana, ile ile ya biti 64,000. G.729 hubana sauti hadi kilobiti 8 kwa kuiga jinsi koo la binadamu linavyotoa maneno, na faksi haina koo. Omba pia uokoaji wa nafasi wakati wa ukimya uzimwe kwenye laini hiyo. Halafu uliza kuhusu T.38. Hicho ni kiwango cha mwaka 1998 kilichotungwa kwa shida yako hasa: kisanduku chako kinaisoma sauti ya faksi hapo hapo ofisini, kinasafirisha biti zenyewe zikiwa na nakala za zilizotangulia ili pengo lizibike, na kifaa cha mwisho kinazigeuza tena kuwa sauti. Wakikujibu kwamba wanayo, usikate simu. Uliza kama imewashwa kwenye laini yako, na kama kampuni wanazozipitishia simu kwenda nje nazo zinaipokea. Mara nyingi T.38 huishia kwenye mlango wa kampuni yako, na safari iliyobaki ni sauti ya kawaida. Kwenye T.38 usitegemee zaidi ya 14,400; matoleo ya baadaye yanaruhusu V.34, ila kuikuta inafanya kazi mwanzo hadi mwisho ni bahati.

Yote hayo yakishindikana bado una njia. Kuna visanduku vinavyopokea faksi yote hapo ofisini kwanza, vikaihifadhi kama faili, ndipo vikalisafirisha kwa usalama wa aina ile ya tovuti za benki. Mashine yako inabaki, wafanyakazi hawajifunzi kitu kipya, na saa mbili zisizopatana hazina tena la kufanya. Kuna pia huduma za faksi za mtandaoni, unatuma kutoka kwenye kompyuta na namba yako ya zamani inahamishiwa huko. Mimi ningechagua mojawapo ya hizi kwa ofisi inayotuma mafaili marefu kila siku, nikijua kwamba kuna ada ya kila mwezi na kwamba karatasi za wagonjwa zitakaa kwenye seva za watu wengine. Kwa sheria ya HIPAA ya huko, kampuni ya namna hiyo lazima isaini nanyi mkataba wa kulinda taarifa za wagonjwa, ule wanaouita BAA. Ikisita kusaini, achana nayo, bei iwe nzuri namna gani. Kurudi kwenye shaba sikushauri. Kampuni kubwa za Marekani zinaiondoa, Uingereza wamepanga kuzima mtandao wao wa zamani Januari 2027, na laini zilizobaki zinazidi kuwa ghali. Waulizeni pia hospitali mnazozihudumia zaidi kama wana tovuti ya kupokelea nyaraka. Wengine wanayo miaka yote na hawasemi mpaka waulizwe.

Niongeze jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ya kazi yenu. Wagonjwa wenu wengi huenda wanavaa kile kitufe cha shingoni cha kuita msaada. Vya zamani hutuma taarifa kwa milio kupitia simu ya mezani, kama faksi ilivyo, na nyumba ikihamishiwa simu ya intaneti vinaweza kunyamaza bila mtu kujua. Tena laini ya shaba ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu. Kisanduku hiki kinakufa umeme ukikatika, isipokuwa kiwe na betri. Mfanyakazi akienda nyumbani kwa mgonjwa abonyeze kitufe cha majaribio mbele ya familia na asubiri sauti ya kituo ijibu. Na kwa ofisi yenu wenyewe, ingieni kwenye akaunti ya simu muone anwani iliyosajiliwa kwa 911, namba ya dharura ya huko. Mkihama jengo, haihami yenyewe.

Fundi wa kuja ofisini mwite kama faksi inakatika hata kwenye 9,600 baada ya kampuni kuthibitisha G.711, kama simu za kawaida nazo zimeanza kukwaruza au kukatika, au kama kuna king'ora cha wezi au cha moto kwenye laini hiyo hiyo, maana hicho hakifai kuguswa na mtu asiye na leseni. Kabla hajafika, chapisha kumbukumbu ya mashine inayoitwa T.30, mashine nyingi za ofisi zinayo kwenye menyu ya ripoti, ya simu mbili tatu zilizoshindwa na moja iliyofaulu. Pembeni andika kwa kalamu kila moja ilikatika ukurasa wa ngapi na baada ya dakika ngapi. Kama nyingi zinakatika kwenye dakika ile ile, mwonyeshe hilo kabla hajafungua begi lake.